Mwalimu Ameshuka

Nduguyangu nilimfundisha kuendesha gari mimi. Chuo cha udereva alikwenda, na mtihani akaupita, lakini chuoni walikuwa wanafunzi wengi kwa gari moja, kila mmoja akishika usukani kidogo tu kisha ampishe mwenzake, kwa hiyo mazoezi hasa aliyapata kwangu. Jumapili asubuhi nilikuwa nikimpeleka Miritini, kwenye zile barabara mpya zinazoelekea stesheni ya reli. Treni ikiwa haijafika barabara hizo huwa tupu, na lami yake haina shimo. Pembeni malori yalikuwa yameegeshwa, madereva wamelala chini ya trela, na wanawake wa chai ndio kwanza wanawasha majiko. Hapo ndipo alipojifunza kubadilisha gia bila gari kuruka kama chura.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Changamwe. Gari lilikuwa langu, dogo, jeupe, la zamani, nililonunua kwa mjomba wangu alipohamia Lamu. Nyumbani ni Mtopanga, na tulikuwa watatu: mamangu, mimi, na huyo nduguyangu, ambaye ni kitinda mimba. Babetu alifariki yeye akiwa bado hajaanza shule. Labda ndiyo sababu nilimfundisha mimi mambo mengi, kufunga kikoi, kunyoa ndevu zilipoanza kuota, hata gari.

Alikuwa dereva mzuri. Alitazama vioo vyote kabla ya kuondoka. Aliwasha indiketa hata akiingia kwenye kichochoro chetu, ambako hakuna mtu wa kumwonyesha ila mbuzi wa jirani. Akimwona mtoto mwenye mpira, hata kwa mbali, alishapunguza mwendo. Mamangu alikuwa akimcheka: "Ukipelekwa na huyu kwenye harusi, wafika bi harusi ashazaa."

Yeye hucheka tu, mato mbele, mikono yote miwili kwenye usukani.

Sikuwahi kumwona akiendesha bila mimi. Ukilisema laonekana jambo dogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilichokijua kuhusu udereva wake nilikijua nikiwa nimekaa kando yake.

Rafiki zake wa karibu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kijana mrefu wa Ziwa la Ng'ombe, waliyesoma naye sekondari. Huyu alikuwa mcheshi, mwenye kicheko cha kumfanya mtu ageuke atazame anachekwa nani. Wa pili alikuwa mtoto wa jirani yetu, tuliyepakana ukuta kwa ukuta. Babake ni baharia, na miezi mingi huwa hayupo. Kijana huyu alikuwa mpole, na yeye pia alitaka bahari. Alishakubaliwa chuo cha mabaharia, alishapimwa afya, na alikuwa akingoja tarehe ya kuanza. Mamake na mamangu walikuwa wakiazimana kila kitu, mbuzi ya kukunia nazi, kinu, mikeka ya matanga. Mtoto yule alikula kwetu kama alivyokula kwao.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya Idi pili, alasiri. Vijana walitaka kwenda ufuoni Shanzu, kama wanavyokwenda vijana wote wakati wa Idi. Nduguyangu aliniomba gari. Nilimwambia sawa, lakini wanipitishe kwanza Bamburi, nikamtazame mwalimu mwenzangu aliyejifungua. Wakaja wamenukia udi na nguo mpya. Yule mrefu alinipisha kiti cha mbele mwenyewe, akaenda kukaa nyuma na mtoto wa jirani.

"Shikamoo dada," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Idi mubarak. Mama hawajambo?"

"Hawajambo, dada. Wakusalimu."

Walikaa kama wanaosubiri kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilisikia harufu ya krips za mhogo, nikajua kuna mtu ana pakiti mfukoni na aona haya kuifungua. Nduguyangu aliendesha kama siku zote. Barabara ilikuwa imejaa familia na watoto wenye maputo, na kila penye kivuko alisimama. Gari la nyuma likapiga honi. Hakulijali. Nikamwambia, "Vizuri," naye akaitikia kwa kichwa.

Niliteremka Bamburi mkabala na duka la dawa. Yule mrefu akatoka nyuma, akaingia kiti cha mbele nilichokitoka. Nikafunga mlango, nikawaambia wasichelewe magharibi. Wakasema inshallah.

Nilikuwa nimesimama pale nikingoja kuvuka. Gari langu likaingia barabarani bila indiketa, mbele ya lori la mchanga, na lori likalazimika kukanyaga breki. Mkono mrefu ukatoka dirishani, ukaomba radhi kwa mwenye lori, au ukamdhihaki, sikuweza kujua. Kisha gari likanguruma kwa gia ndogo, mngurumo ambao sikuwahi kuusikia kwenye gari langu, likawapita wa mbele, likapotea.

Nilisimama kidogo. Sikumpigia simu. Anayeendesha gari hapigiwi simu, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nikajiambia nitazungumza naye jioni. Nikavuka.

Simu iliponipata nilikuwa nimempakata mtoto wa mwenzangu. Ilikuwa namba nisiyoijua, sauti ya mwanamume, ya mtu mzima. "Samahani dada. Wewe ni nduguye kijana wa gari jeupe?"

"Ndiye mimi."

"Njoo kona ya kuingilia Shanzu. Lakini usije mbio. Wote wana uhai."

Nakumbuka kishikizo kimoja cha nguo ya mtoto kilikuwa kimefunguka, nikakifunga. Nikamrudisha mtoto kwa mamake. Nikamwambia, "Nashukuru kwa chai," na chai sikuwa nimeinywa. Nikatoka, nikasimamisha tuktuk, nikamwambia dereva ninakokwenda, tukaenda. Njiani nilikuwa nikisoma mabango ya maduka. Niliyasoma yote.

Gari lilikuwa limejizungusha na kugonga mlingoti wa taa, ubavu wa kushoto, mlango wa nyuma. Vijana walishapelekwa hospitali. Watu walikuwa wengi, wengine na watoto wao wa Idi mabegani. Muuza madafu akanieleza bila kuulizwa kwamba walikuwa wakilipita gari jingine upande usio wao, basi la abiria likatokea mbele, yule kijana akapindua usukani. Polisi mmoja alikuwa akipima barabara. Nikafungua mlango wa mbele, ambao ulikuwa ukifunguka bado, nikaokota vitu: kofia mbili za vito zilizotariziwa kwa mkono, ndara moja, miwani ya jua, na ile pakiti ya krips, ambayo ilikuwa imefunguliwa. Niliikunja juu zisimwagike. Muuza madafu alinitazama nikiikunja. Nikaweka kila kitu kwenye mkoba.

Mikanda ya viti vya nyuma ilikuwa imezama chini ya kiti tangu gari lilipokuwa la mjomba. Niliiona pale, ncha zake tu.

Hospitali ilikuwa kisiwani, mjini, nikavuka daraja kwa tuktuk ile ile. Nduguyangu alikuwa amevunjika mtulinga, bega limefungwa, uso mzima hauna hata mchubuko. Yule mrefu alikuwa na mikwaruzo mkononi. Mtoto wa jirani sikumwona, alikuwa ndani. Mamake alishafika kabla yangu, na mamangu alikuwa kando yake, lakini si karibu kama walivyozoea kukaa. Baada ya muda akatoka daktari, kijana tu, akachutama mbele ya yule mama ili asiseme naye akiwa juu.

"Mama, mguu hauokoleki."

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Juu ya goti au chini?"

"Chini."

Akasema, "Alhamdulillahi," akateremka kutoka kwenye benchi, akakaa sakafuni. Mamangu akainuka kumshika. Yule mama akainua kiganja, kumzuia. Mamangu akabaki amesimama vile, mikono mbele, mpaka nikamrudisha kukaa.

Siku zilizofuata nilifanya kila lililohitaji kufanywa. Nilipika, nilifua, nilipeleka chakula hospitali, niliandika maelezo polisi. Shule zilipofunguliwa nilikwenda kazini kwa kupanda magari mawili. Walimu waliniambia pole, nikasema tushapoa. Walidhani nina moyo wa chuma. Mimi nilikuwa kama ulimi uliochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Wajua upo, waweza hata kuutafuna, lakini hausikii. Nilingoja ganzi iishe. Haikuisha, au iliisha polepole sana hata sikuona.

Nduguyangu aliporudi nyumbani alikaa chumbani kwake akitazama dari. Siku moja nilimpelekea uji, nikakaa kitandani miguuni pake.

"Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nikienda mbio."

"Hilo nalijua. Kwa nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Wallahi sijui, dada. Sikutaka kwenda mbio. Hata mahali penyewe tulipokuwa twaenda hapakuwa na haraka." Akakoroga uji. "Nilikuwa naogopa, nikienda vile. Lakini niliona kama nikipunguza nitakuwa nimesema kitu."

"Umesema nini?"

"Sijui. Kwamba mimi ndiye niliyeogopa."

Nilingoja amalize uji nikachukua bakuli.

Yule mrefu alikaa muda asije kwetu. Alipokuja alikuja peke yake, alasiri moja, nduguyangu amekwenda kliniki na mama. Alikataa kuingia ndani. Tukakaa barazani, naye akaniambia ameletwa na usingizi, kwamba haupati, na kwamba mamake ndiye aliyemwambia aje azungumze na mimi kwa kuwa mimi ni mwalimu na sipigi kelele.

"Sema," nikamwambia.

"Watu wasema sisi tulimtia ujinga. Kwamba tulimwambia kanyaga, kanyaga. Dada, hatukusema hivyo."

"Mlisema nini?"

Alikuwa akikwangua ukoko wa kidonda mkononi. "Ulipoteremka, mimi nilisema, 'Haya, mwalimu ameshuka.' Akacheka. Ndipo akaingia mbele ya lile lori."

"Basi?"

"Basi. Kisha akapoa, akaenda vizuri. Tukafika karibu na kona, wakatupita vijana wa darasa letu, wako na kigari kidogo kama chako. Wakatupungia mkono. Mimi nikacheka."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilicheka tu, kwa vile walivyotupita. Yeye akanitazama mara moja, kisha akatazama barabara, akabadilisha gia."

"Na mwenzenu wa nyuma?"

"Yeye alisema, 'Jamani, mimi sina haraka.' Tukamcheka. Na yeye mwenyewe akacheka."

Nikamwuliza kama anataka maji. Akasema ndiyo, nikaenda jikoni, nikajaza gilasi, nikamletea. Alikunywa yote. Alikuwa akinitazama, na nadhani alingoja nimwambie ana makosa au nimwambie hana. Lilikuwa swali halali. Nilimwambia asikwangue kidonda kitaacha alama.

Baada ya hapo niliyaona mambo niliyokuwa nikiyaona miaka yote. Shuleni kuna ukuta mfupi nyuma ya madarasa. Mvulana akiwa peke yake huuzunguka. Wakiwa watatu, huruka. Hakuna anayemwambia mwenzake ruka. Wawili husimama tu wakamtazama wa tatu, wakitafuna ubuyu, naye hurudi nyuma hatua chache akaja mbio. Zamani nilikuwa nikiwakemea. Sasa nilikuwa nikisimama dirishani nikiwatazama mpaka kengele.

Kesi ilikwenda mahakamani. Nduguyangu alikubali makosa bila kujitetea, hata hakimu akamwuliza mara ya pili kama ameelewa aliloshtakiwa. Leseni ikachukuliwa kwa muda. Gari nililiuza kwa fundi wa vipuri pale pale lilipokuwa, na sikwenda kulitazama likifunguliwa.

Mamangu alikwenda kwa jirani siku ile mtoto alipotolewa hospitali. Alikwenda kwa miguu yake, kitambaa kichwani, mkononi kikapu cha maembe. Mimi nilikuwa nyuma yake. Yule mama alifungua mlango, hakutukaribisha, wala hakutufukuza.

"Dada," akamwambia mamangu, "leo siwezi. Siku nitakapoweza nitakuita."

"Haya mamangu," mama akasema. "Siku utakayoweza."

Tukarudi. Mama akaweka maembe mezani na hakuna aliyeyala. Mvua za vuli zikaja, zikapita. Kupitia ukutani tulisikia kila kitu, magongo yakigonga sakafu, babake kijana aliporudi kutoka safarini, sauti yake siku ya kwanza, kisha kimya. Nduguyangu alikuwa akienda pale kila alasiri. Siku za mwanzo mama wa kijana alimwacha nje kwenye jua. Hakuondoka, alikaa kwenye jiwe mpaka adhana ya magharibi, akarudi. Siku moja babake kijana akatoka akamwambia, "Ingia. Yeye ndiye anayekutaka, si mimi." Akaingia. Waliyozungumza siyajui. Najua kwamba tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki ya mguu wa bandia, wakipanda tuktuk, na nduguyangu akikaa upande wa mlango.

Mamangu aliitwa mwaka ulipokaribia kwisha. Ilikuwa asubuhi, tukasikia sauti juu ya ukuta: "Wewe. Njoo unishikie hili godoro, nataka kulianika." Mama aliacha mandazi kwenye mafuta. Niliyaopoa mimi. Walirudi wanazungumza juu ya godoro, kwamba pamba za siku hizi hazina uzito, na hawakuzungumza lolote jingine, siku ile wala baadaye, mbele yangu.

Yule mrefu alikwenda Ghuba, akapata kazi kwenye ghala. Hutuma salamu za sauti wakati wa Idi, ndefu, na kicheko chake hakimo. Mtoto wa jirani alijifunza kutengeneza simu na sasa ana kibanda chake pale Mtopanga. Hutembea vizuri, mgeni hawezi kujua mpaka apande ngazi. Kuhusu bahari sijamsikia akisema. Babake akija huleta ramani za bandari alizopita, mtoto huzitazama, huuliza kina cha maji, huuliza meli iligeuzwaje. Husikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wake.

Nduguyangu alipata kazi ya kupakua mizigo kwenye yadi ya makontena Changamwe. Leseni yake ilisharudishwa, akaitia kabatini. Majuzi msimamizi wake alimwambia wataka kumfundisha kuendesha folklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwa kuwa ni mwangalifu na hanywi. Akakataa. Mamangu aliposikia alikasirika, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mpaka lini?" akamwuliza. "Mpaka lini, mwanangu? Utabeba magunia mpaka uzeeke?"

"Niache kwanza, mama."

Mama akanitazama mimi nisaidie. Mimi nilikuwa nikikunja nguo. Niliendelea kukunja.

Kesho yake nilikuwa uani, na mtoto wa jirani alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiota jua. Alinisalimia kisha akaniambia, "Dada, nimesikia amekataa ile mashine."

"Amekataa."

"Mwambie akubali. Mwambie nimesema mimi. Mimi asinifanye sababu ya kila kitu, nimechoka kuwa sababu."

"Si umwambie mwenyewe? Yuwaja kwako kila siku."

"Nikimwambia mimi, atalia. Sitaki."

Jioni nilimwambia, neno kwa neno, nikiwa nammiminia chai. Alikuwa ametoka kazini, vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo."

"Kwamba amechoka?"

"Kwamba amechoka kuwa sababu."

Akanywa chai. Akauliza kama kumebaki mkate wa mofa, nikampa. Alikula, akaosha mikono, akaenda msikitini.

Wiki iliyofuata aliniomba nimtafutie mjini viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele wanavyotakiwa kuvaa waendeshaji wa folklifti. Yake ni namba kubwa, na kwenye yadi walikuwa nazo ndogo tu. Nilipita maduka kadhaa nikivitafuta. Nilipomletea alivivaa pale pale mlangoni, akapiga sakafu kwa mguu mmoja kisha mwingine, akasema vimemtosha.